Kibali cha Kitalu Namba Saba

Msumeno mkubwa wa kiwanda cha Prosper Urio ulikuwa umefunikwa turubai, na juu ya turubai kuku alikuwa ametaga.

Inspekta Evaresta Nnko aliliangalia yai lile, kisha akakaa kwenye gogo aliloonyeshwa. Ilikuwa Jumatano alasiri. Siku mbili zilikuwa zimepita tangu mwili wa Brayson Ayo, mtaalamu wa tathmini ya mazingira, uopolewe kutoka kwenye korongo la msitu wa kupandwa wa Naibor, juu ya Oldonyo Sambu. Wengi walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba marehemu aliteleza. Daktari ndiye aliyekataa. Kisogo kilikuwa kimepasuliwa na kitu cha mviringo, na mawe ya korongoni hayakuwa na hata tone la damu.

"Ulimtishia," Evaresta alisema.

"Nilimtishia." Prosper, mwanaume wa makamo aliyepoteza vidole viwili kwenye kazi ya mbao, hakupepesa macho. "Mbele ya watu, pale barazani kwa meneja wa msitu. Nilimwambia atakufa na makaratasi yake. Miezi kumi sijapasua ubao hata mmoja, afande. Mafundi wangu wametawanyika. Nikiuliza leseni ya kuvuna, naambiwa tathmini ya mazingira haijakamilika. Nikiuliza nani hajaikamilisha, naambiwa Brayson. Ungekuwa wewe ungemwimbia?"

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Marangu, kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Nimo kwenye video, nacheza."

Koplo Lengai, aliyesimama nyuma na daftari lake, aliitikia kwa kichwa. Video alikuwa ameshaiona. Prosper alicheza kweli, tena vibaya.

"Tathmini ilikwama wapi hasa?"

Prosper aliingia kibandani akatoka na faili lililochakaa pembeni. Akatandika barua tatu juu ya gogo. Zote zilikuwa na kichwa cha ofisi ya mazingira, na zote zilikuwa zikirudisha ripoti ya Brayson. Ya kwanza ilisema chemchemi za kitalu namba saba hazikuchorwa kwenye ramani. Ya pili, mwezi mmoja na nusu baadaye, ilidai maelezo ya njia ya tembo. Ya tatu ilitaka vijiji vyote vihojiwe upya.

"Umezipataje?"

"Kwa Mzee Thomasi, meneja. Zikifika kwake ananipa kopi. Mzee wa watu, ananionea huruma. Hata sasa ndiye anashughulika na msiba, kamfariji yule mjane Susana kule Lemara kama mwanawe."

Evaresta aliziinua barua zile moja moja kwenye mwanga. Mhuri wa barua ya kwanza ulikuwa umegongwa kwa haraka, umekolea upande mmoja. Wa pili na wa tatu ilikuwa na mkwaruzo mwembamba kwenye herufi ileile, wino ukiwa umefifia mahali palepale. Akaziweka moja juu ya nyingine. Mihuri ikalaliana bila kupishana hata uzi.

"Lengai. Umewahi kuona mkono wa mtu ukigonga mhuri mara mbili sawasawa namna hii?"

"Mashine tu, afande. Kopi ya kopi."

Prosper aliwatazama kwa zamu. "Kuna kitu sikuwaambia," alisema kwa sauti ya chini. "Ijumaa Brayson alinipigia. Akasema, 'Prosper, wewe na mimi tumechezewa. Usinitukane tena mpaka Jumatatu.' Akakata simu. Jumatatu ndiyo wakamkuta."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Mimi ndiye niliyemwambia atakufa. Nani angenisikiliza?"

Alhamisi asubuhi, saa mbili kamili, Evaresta alikuwa mbele ya dirisha la masijala ya ofisi ya mazingira, mjini. Anande, mtunza kumbukumbu, alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa miwani kwa kamba shingoni. Hakuuliza maswali. Alizipokea zile barua tatu, akafungua rejista ya barua zinazotoka na kupitisha kidole kwenye safu ya namba.

"Hii ya kwanza ni yetu. Marehemu alirekebisha ile ramani kwa siku tisa tu. Alikuwa mtu wa kazi." Kidole kiliendelea kushuka, kikasimama. "Namba ya hii ya pili ni ya barua iliyokwenda machinjio. Na hii ya tatu…" Akafunua kurasa. "Ya kituo cha mafuta. Hizi hazikutoka hapa, mama."

"Na cheti chenyewe?"

Anande alifungua daftari jingine na kuligeuzia upande wa Evaresta. Cheti cha mazingira cha msitu wa Naibor kilitolewa miezi mitano iliyopita. Kilichukuliwa kwa mkono. Saini ilikuwa ya kusomeka, na jina lilikuwa limeandikwa chini yake kwa mwandiko wa mtu aliyepita shule za zamani: Thomasi Mbise, Meneja.

"Hakufanya kosa kukichukua," Anande alisema. "Cheti ni cha msitu wake. Sisi tulijua kazi imeisha. Hakuna aliyerudi kuuliza."

"Hata Brayson?"

"Brayson aliandikiwa na meneja kwamba kila kitu kinapitia kwake. Alichoka kungoja, Ijumaa akaja mwenyewe. Nilimwonyesha ukurasa huu huu. Akasimama hapo uliposimama, akacheka. Kile kicheko sikukipenda. Akasema anakwenda kuangalia mtu anayekificha cheti kwa miezi mitano anaficha na nini kingine."

Evaresta alipiga picha kurasa tatu, akamwomba Anande afunge daftari kwenye kabati na ufunguo akae nao yeye mwenyewe. Nje, Lengai alikuwa ameegemea mlango wa Landkruza.

"Tumekosea mlango," Evaresta alimwambia. "Tangu Jumatatu tunamtafuta mtu aliyechukia ucheleweshaji. Kumbe tulitakiwa tumtafute aliyeutaka. Leseni isipotoka, geti linafungwa. Hakuna mpasuaji wala mpimaji wa mbao anayeingia. Na hakuna wa kuhesabu miti."

Kabla Lengai hajajibu, simu ililia. Ilikuwa sauti ya Prosper, na nyuma yake injini ikinguruma.

"Afande! Leseni imetoka! Mzee Thomasi kanipigia alfajiri, anasema cheti kimefika jana, leseni imesainiwa. Niko njiani na katapila. Anataka leo hii tufungue barabara, tung'oe visiki vya zamani tupite namba saba, tukaanze kuvuna namba nne."

"Visiki gani? Namba saba haijawahi kuvunwa."

"Mimi sijui. Ndivyo alivyosema."

"Prosper, nisikilize. Usiwashe hiyo katapila mpaka nifike."

"Mtandao… afande… sikusikii vi…"

Simu ikakatika.

Walipanda kwa barabara ya Namanga, Lengai akiendesha kwa kasi. Upande wa kulia Mlima Meru ulikuwa umefunikwa wingu tangu kiunoni, wingu zito la rangi ya jivu lisiloonyesha dalili ya kutoa mvua. Baada ya Oldonyo Sambu wakaacha lami. Vumbi la volkano likawafuata nyuma kama moshi.

Hatua mia tatu kabla ya geti la msitu, Lengai alikanyaga breki. Mwanamke wa Kimasai alikuwa akishusha kuni mgongoni mwa punda.

"Ndiye Soila," alisema. "Jumanne nilimtafuta, wakasema kaenda kwa binti yake Longido. Anachunga na kuokota kuni huku kila siku."

"Dakika tano," Evaresta alisema.

Lengai alimwamkia kwa heshima, "Takwenya, yeyo." Mama aliitikia, akawatazama wote wawili, akaendelea kufungua kamba za kuni. Alizungumza Kimasai polepole, na Lengai akawa anatafsiri.

"Anasema malori ya magogo yanapita Jumapili. Siyo usiku. Saa za ibada, mchana kweupe, watu wote wakiwa kanisani. Geti linakuwa wazi na mlinzi hayupo. Yameanza kupita tangu masika."

"Jumapili iliyopita?"

Soila alinyoosha mkono kuelekea msituni. Sauti yake ilishuka.

"Hayakuja malori. Alikuja yule bwana anayeandika miti, kwa miguu, peke yake, ameshika kopo la rangi ya buluu. Alimwamkia. Baadaye ikaja gari ndogo, akashuka mwanaume aliyevaa suti nyeusi. Mama anasema alijiuliza moyoni, kuna msiba gani huko msituni."

"Alimwona uso?"

"Mgongo tu. Anasema hakujificha wala kukimbia. Aliingia kama mtu anayeingia shambani kwake. Aliporudi alisimama pale kwenye nyasi akafuta viatu. Alifuta muda mrefu."

"Mwulize kwa nini hakusema."

Lengai aliuliza. Soila alijibu kwa maneno machache, akamgeukia punda.

"Anasema polisi walikuja wakaongea na wanaume."

Geti lilikuwa wazi. Ndani ya msitu mwanga ulipungua ghafla. Mipaina ilisimama kwa mistari pande zote mbili za njia, mirefu, imenyooka, na chini yake hapakuwa na ndege wala upepo. Evaresta alishusha kioo. Harufu ya utomvu mbichi ilimpiga usoni. Kwenye msitu ambao haukuguswa na msumeno kwa miezi kumi, harufu ile haikuwa na kazi.

Katapila ilikuwa imesimama kwenye ukingo wa kitalu namba saba, injini ikitetemesha ardhi. Kando yake Prosper aliongea na dereva kwa furaha. Na hatua chache kutoka hapo, mikono nyuma, alisimama Mzee Thomasi Mbise: mwanaume mrefu wa miaka hamsini na tisa, mvi zimechanwa vizuri, suti nyeusi, tai nyeusi.

"Shikamoo, mzee," Evaresta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mmenikuta naondoka. Leo tunapokea mwili wa Brayson nyumbani kwake, kesho tunazika. Nimepita tu kuwaanzisha hawa."

"Nimesikia cheti kimefika."

"Bwana ametenda. Jana mchana."

"Jana mchana," Evaresta alirudia. Akamgeukia dereva wa katapila na kupitisha kiganja shingoni. Injini ikazimwa.

"Afande, usinifanyie hivi!" Prosper alilalamika. "Leseni hii hapa! Imesainiwa!"

"Njoo nikuonyeshe inachoruhusu."

Aliingia kati ya miti. Alipita mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Baada ya wa nne mwanga ulirudi ghafla, mkali, kama mtu aliyetoka nje ya nyumba. Mbele yao mteremko mzima ulikuwa mtupu. Ile mistari minne ilikuwa pazia la kuwazuga wapita njia. Nyuma yake kulikuwa na visiki, vingine vimefunikwa udongo, vingine majani makavu ya mipaina, hadi ukingoni mwa korongo. Vya mbali vilikuwa vya kijivu. Vya karibu vilikuwa bado vyeupe, vinatoa machozi ya utomvu.

Prosper alianza kuvihesabu kwa sauti. Alifika kumi na moja akashindwa, akakaa chini palepale na leseni yake mkononi.

"Wezi," Mzee Thomasi alisema nyuma yao. Alikuwa amewafuata taratibu. "Tunapambana nao kila siku."

"Wezi wanaopita getini na malori Jumapili saa za ibada? Ufunguo wa geti unao nani, mzee?"

"Mimi na mlinzi."

"Na Jumapili mlinzi yuko wapi?"

"Nampa ruhusa. Ni Mkristo, ana haki ya kusali."

"Ulianza kumpa lini?"

Mzee Thomasi alinyoosha tai yake. Lengai alifungua daftari. "Nilizungumza na mlinzi Jumanne, afande. Alisema tangu mwezi wa nne. Nilidhani ni habari ya kawaida."

"Mwezi wa nne ndipo cheti kilipochukuliwa kule mjini," Evaresta alisema. "Kwa saini yako, mzee. Siyo jana."

Alianza kushuka mteremko. Baadhi ya visiki vilikuwa vimefagiliwa, na juu ya kila kimoja ilikuwepo namba ya rangi ya buluu, safi, ya mwandiko mmoja. Moja. Mbili. Tatu. Brayson alikuwa amefanya kazi yake ya mwisho kwa utaratibu uleule wa siku zote. Evaresta alizifuata namba kwa miguu, bila haraka, na wote wakalazimika kumfuata. Themanini na tano. Themanini na sita. Themanini na saba.

Kisiki kilichofuata kilikuwa na tarakimu moja tu, nane, na pembeni yake mstari mrefu wa buluu uliokwenda kombo hadi kwenye gome na kuishia hewani. Chini, kwenye majani, rangi ilikuwa imemwagika na kukauka. Majani ya pale yalikuwa na madoa mengine pia, ya kahawia. Kutoka hapo mpaka korongoni kulikuwa na mburuzo mpana, uliofunikwa kwa tawi na mtu asiyejua kufunika.

"Alipigwa hapa," Evaresta alisema. "Akiwa ameinama, anaandika."

Alichuchumaa. Katikati ya rangi iliyokauka palikuwa na alama ya kiatu. Aliiangalia kwa muda, kisha akaangalia miguu ya Prosper, ya dereva, ya Lengai. Buti zote, zenye meno. Alama ile haikuwa na meno. Ilikuwa laini, nyembamba mbele, yenye kisigino kidogo cha mraba.

"Kiatu cha kwenda kanisani," alisema. "Mzee, ulituambia Jumapili ulikuwa ibadani."

"Nilikuwa. Waulize."

"Tuliwauliza. Ulikuwa ibada ya kwanza. Ya pili, kiti chako cha mzee wa kanisa kilikuwa kitupu." Akainuka. "Naomba uinue mguu wa kulia."

"Unanivunjia heshima, mwanangu. Mbele ya watu wa kazi."

"Naomba, mzee."

Mzee Thomasi hakusogea. Lengai alipiga goti moja, akamshika kifundo cha mguu kama fundi viatu anavyoshika, akakiinua. Kiatu cheusi kilikuwa kimepigwa kiwi mpaka kinang'aa. Soli ilikuwa imesuguliwa kwa maji. Lakini kwenye mshono, pale ngozi inapokutana na soli, uzi ulikuwa umekunywa rangi. Mstari mwembamba wa buluu ulizunguka nusu ya kiatu.

Prosper aliona. Akatoa sauti ya mtu aliyechomwa mwiba.

Mzee Thomasi aliurudisha mguu chini kwa uangalifu, akaangalia korongo. Alipoongea, hakumwangalia mtu.

"Nilimwomba wiki mbili. Wiki mbili tu, nifungue barabara, leseni itoke, kila mtu apate chake na aende nyumbani. Nikamwambia, Brayson, umesubiri miezi kumi, wiki mbili ni kitu gani? Hakunijibu. Alinigeuzia mgongo, akaendelea kuandika."

"Ulimpiga na nini?"

"Rungu la mlinzi. Liko kibandani, pale linapokaa siku zote."

Lengai alimfunga pingu kwa mbele, juu ya vifungo vya suti. Dereva wa katapila alivua kofia, asijue anaivulia nani. Prosper bado alikuwa chini. Alikuwa ameikunja leseni vipande vinne na anaendelea kuikunja.

"Miezi kumi nilimtukana yule mtu," alisema. "Kila Ijumaa."

Walikuwa wamefika nusu ya mteremko waliporudi, pale mtandao unapoanza kushika, simu ilipolia mfukoni mwa suti. Mzee Thomasi alisimama. Pingu hazikumruhusu kuitoa. Evaresta aliingiza mkono akaichukua. Kwenye kioo paliandikwa: *Susana wa Brayson*.

Aliiacha ilie mara mbili zaidi, kisha akapokea.

"Shikamoo baba." Sauti ilikuwa imekauka kwa kulia, lakini ilikuwa na adabu. Nyuma yake kwaya ilikuwa ikijaribu wimbo. "Samahani kukusumbua. Gari la mwili limeshafika. Watu wamejaa hadi barabarani, na mchungaji anauliza kama aanze sala. Nimemwambia hapana, tumsubiri Mzee Thomasi, ndiye aliyetushika mkono tangu Jumatatu. Umefika wapi, baba?"

Mzee Thomasi alikuwa ameisikia kila silabi. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mzee.

Evaresta aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Susana, huyu siyo Mzee Thomasi. Ni Inspekta Evaresta Nnko." Akangoja. Kwaya ilikuwa bado inaimba, haijajua kitu. "Mwambie mchungaji aanze, mama. Msimsubiri."